Utabiri wa Mvua Uteremke Hadi Mbozi Mission

Kila mwaka, kabla mvua za msimu hazijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutangazia umma mwelekeo wa mvua zitakazonyesha kati ya Novemba na Aprili. Mkoa wa Songwe hutajwa pamoja na jirani zake wa nyanda za juu kusini magharibi, na kwa kawaida habari yake humalizika kwa sentensi moja au mbili: mvua zitakuwa za wastani, au juu ya wastani, au chini ya wastani. Sentensi hiyo husikika Vwawa na Tunduma, Kamsamba na Itumba, na husikika Mbozi Mission pia. Kisha kila mmoja huenda nayo kwenye shughuli yake. Mkulima huamua siku ya kupanda. Mwenye duka la pembejeo huamua aagize mbegu gani. Mhandisi wa barabara huamua kalvati lipi litengenezwe kwanza kwa fedha chache alizo nazo. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni hili: je, sentensi moja yaweza kubeba mzigo wote huo?

Jibu letu ni kwamba haiwezi, wala haikukusudiwa kuubeba. Wasomaji wetu wa Visiwani wasifungue ukurasa mwingine kwa kudhani kwamba hii ni habari ya bara peke yake. Jambo linalomsumbua mkulima wa Mbozi ndilo linalomsumbua mkulima wa mpunga wa Pemba na mvuvi wa Nungwi. Wote wanaishi mahali padogo, na elimu ya anga iliyojengwa kwa ajili ya mabara makubwa haipaoni vizuri mahali padogo. Aidha, utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano. Mamlaka ni moja, na chombo kitakachonunuliwa au kuachwa kitakuwa kimenunuliwa au kuachwa kwa ajili yetu sote.

Hebu kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mbozi Mission ni kituo cha Wamoravian, kilichopo katika uwanda wa juu wa Mbozi, nchi ya Wanyiha. Hapo pana hospitali ya misheni, na kuizunguka pana mashamba ya mahindi, maharage na kahawa. Watu wa mbali huijua Mbozi kwa sababu ya kimondo cha kilima cha Marengi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, lililotoka angani zamani zisizokumbukwa. Lakini kimondo hakimlishi mtu. Kinachowalisha watu wa Mbozi ni kile kingine kitokacho angani, nacho ni mvua, ambayo huwajia mara moja tu kwa mwaka. Huku Visiwani tunayo masika, tunayo vuli, na katikati yake mchoo hutunyeshea kidogo kidogo. Kule, mvua za msimu zikikosa kuja kama inavyopasa, hakuna mvua za pili za kufidia hasara.

Sasa, ndani ya mkoa huo mmoja, nchi hubadilika upesi mno. Uwanda wa Mbozi uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka kuelekea kaskazini hufiki mbali kabla hujaingia bonde la Ziwa Rukwa, ambalo maji yake yako kwenye mwinuko wa mita 800 hivi. Kwa kuwa joto la hewa huongezeka kwa nyuzi zipatazo 6 kwa kila mita 1,000 mtu anazoshuka, anayetoka kwenye mibuni ya Mbozi asubuhi na kufika kwenye mashamba ya mpunga ya Kamsamba mchana amebadilisha hali ya hewa kama aliyesafiri kwenda nchi nyingine. Kusini kuna milima ya Ileje. Mito miwili yenye jina lilelile la Songwe hutoka katika nyanda hizi: mmoja huenda Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto utokao, na mwingine huwa mpaka wa Tanzania na Malawi hadi Ziwa Nyasa. Mvua ikinyesha upande huu wa kilima hujaza ziwa moja, ikinyesha upande wa pili hujaza jingine. Mto ule wa mpaka una tabia ya kuhama njia yake baada ya mafuriko, hata mwananchi akalala akiwa upande mmoja wa mpaka na kuamka shamba lake liko upande wa pili. Ndiyo maana nchi hizi mbili zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo.

Nchi ya namna hiyo yaonekanaje machoni mwa kompyuta? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, na tutajitahidi kulieleza jambo hili kwa lugha nyepesi.

Wataalamu wa tabianchi huigawa hewa yote ya dunia katika miraba, kama mtu anayetandika chandarua juu ya ramani. Katika kila mraba kompyuta huhesabu joto, upepo, unyevu na mvua, kisha huupeleka mwendo huo mbele saa kwa saa, mwaka kwa mwaka. Hesabu hiyo ndiyo iitwayo modeli. Modeli nyingi za dunia nzima zimekuwa na miraba yenye upana wa kilomita 100 hadi 200. Ndani ya mraba mmoja kila kitu ni kimoja: mwinuko ni mmoja, joto ni moja, mvua ni moja. Mkoa wa Songwe una eneo la takriban kilomita za mraba 27,600. Kwa miraba ya kilomita 100, mkoa mzima haufiki miraba 3. Kamsamba na Mbozi Mission huchanganywa, na hupatikana mwinuko wa katikati ambao hauko Kamsamba wala Mbozi. Modeli huwa imelima shamba lisilokuwapo.

Kwa visiwa hali ni mbaya zaidi. Unguja ina kilomita za mraba 1,660 hivi, na Pemba 980 hivi. Mraba mmoja wa kilomita 100 ungevimeza visiwa vyote viwili karibu mara 4. Katika modeli nyingi za namna hiyo Unguja na Pemba si nchi kavu hata kidogo; ni bahari tupu. Afisa wa mipango anayeletewa kitabu chenye makadirio ya mvua ya Zanzibar kwa mwaka 2050 anayo haki ya kuuliza: je, hayo ni makadirio ya nchi yetu, au ni makadirio ya maji yanayoizunguka?

Dawa inayotolewa ni kuipunguza miraba. Huchukuliwa eneo moja la dunia, tuseme Afrika, na modeli ya dunia huachwa ishike mipaka yake ya nje, kisha ndani ya mipaka hiyo hutandikwa chandarua chenye matundu madogo. Kazi hiyo imekwisha kufanywa. Mpango wa kimataifa uitwao CORDEX ulianza kwa Afrika kwa miraba ya kilomita 50 hivi, baadaye ikafika 25. Kisha wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza pamoja na wenzao walifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa bara letu zima: waliendesha modeli ya Afrika nzima kwa miraba ya kilomita 4.5, wakaipa jina la CP4-Africa. Kwa kipimo hicho Mkoa wa Songwe una miraba zaidi ya 1,300, Unguja ina miraba 80 hivi, na Pemba inayo karibu 50. Mbozi Mission inakuwa mahali, na Micheweni inakuwa mahali.

Faida haikuwa ya kuona nchi kavu tu. Mvua zetu nyingi hutokana na mawingu yanayopanda juu kwa nguvu ya joto la mchana, na wingu la namna hiyo huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Modeli yenye miraba mikubwa haiwezi kuliona. Hulazimika kulikisia kwa kanuni. Makisio hayo yana kasoro inayojulikana: hunyesha mvua mapema mno, karibu na adhuhuri, tena manyunyu mengi mepesi, ilhali kila mtu ajuaye nchi zetu anajua kwamba radi na mvua kubwa huja jioni. Modeli ya miraba midogo huliacha wingu lijijenge lenyewe, na mvua zake hufanana zaidi na mvua tunazozijua.

Ndipo yakapatikana matokeo yanayostahili kusomwa na kila afisa wa mipango. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, modeli hiyo ililinganishwa na nyingine ya miraba ya kilomita 25. Ile ya miraba midogo ilionyesha kwamba mvua kubwa kupita kiasi, zile za saa tatu tu, zitazidi kuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Ilionyesha pia kwamba, hasa magharibi na kati mwa Afrika, vipindi vikavu katikati ya msimu wa mvua vitarefuka, jambo ambalo modeli ya miraba mikubwa halikulionyesha sana. Kwa maneno mengine, jumla ya mvua ya msimu yaweza kubaki ileile, na bado msimu ukawa mwingine kabisa: mafuriko leo, ukame wa wiki mbili kesho.

Na hiyo ndiyo tofauti kati ya sentensi inayosikika redioni na maisha ya watu. Kalvati haliulizi mwezi mzima umenyesha kiasi gani. Huuliza saa moja imenyesha kiasi gani. Mhindi unaotoa mbelewele hauulizi wastani wa Novemba hadi Aprili. Huuliza juu ya wiki mbili zile. Mitaa ya Mwanakwerekwe haikupata kujaa maji kwa sababu ya wastani wa masika. Ilijaa kwa sababu ya mvua ya siku moja iliyopita uwezo wa mitaro.

Yafaa hapa tutofautishe mambo mawili ambayo ofisini huchanganywa mara kwa mara. Liko jambo la utabiri wa siku na wa msimu, linalomhusu mkulima wa mahindi, ambaye kila mwaka anaweza kubadili shauri lake. Na liko jambo la makadirio ya tabianchi ya miaka 20 au 30 ijayo, linalomhusu mtu afanyaye jambo lisilobadilika upesi. Anayepanda mbuni Mbozi leo anapanda mti utakaoishi na wanawe. Anayepanda mkarafuu Pemba anafanya vivyo hivyo, na Serikali inayogawa miche anafanya naye shauri hilo. Anayejenga bwawa, daraja au hospitali anafanya shauri la nusu karne. Hawa hawawezi kusubiri tangazo la Oktoba.

Kwa upande wa kahawa, onyo limekwisha kutolewa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia kumbukumbu za Tanzania tangu mwaka 1961, uliona kwamba mavuno ya kahawa ya Arabika hupungua kadiri joto la usiku linavyopanda, kwa takriban kilo 137 kwa hekta kwa kila nyuzi 1. Na juu ya joto, modeli zote husema neno moja: linapanda. Kwa hiyo suala la Mbozi si kama kutakuwa na joto zaidi, bali ni kwenye kilima kipi mibuni itaendelea kustawi na kwenye kipi mkulima ashauriwe mapema apande kitu kingine. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa inacho kituo chake Mbimba, humohumo Mbozi. Watafiti wake wanaweza kuzalisha miche inayovumilia, lakini mtu akiwauliza mche upi kwa kijiji kipi, ramani ya miraba ya kilomita 100 haitawasaidia kumjibu.

Baada ya kusema haya yote ya kuisifu miraba midogo, hatuna budi kusema na la pili, kwa sababu hatari yake ni kubwa vilevile. Picha iliyo wazi si lazima iwe ya kweli. Ramani yenye vijiraba vya kilomita 4, iliyopakwa rangi nzuri, humfanya mtazamaji aamini kwamba wataalamu wamekiona kijiji chake katika mwaka 2080. Hawakukiona. Modeli ndogo huishi ndani ya modeli kubwa, na modeli kubwa ikikosea mahali pa kupeleka upepo wa bahari au ukanda wa mvua, ile ndogo italichora kosa hilo kwa uhodari mkubwa zaidi. Juu ya mvua za kusini mwa Tanzania, modeli za dunia hazijakubaliana hata kama zitaongezeka au zitapungua. Afrika Mashariki yote inajua habari ya masika: kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 mvua za Machi hadi Mei zilielekea kupungua, na huku modeli nyingi zikisema zitaongezeka. Wataalamu wenyewe wameliita jambo hilo kitendawili.

Tena miraba midogo ni ghali. Ukiupunguza upana wa mraba kwa nusu, kazi ya kompyuta huongezeka kwa karibu mara 8. Kwa sababu hiyo CP4-Africa iliendeshwa kwa miaka 10 tu ya wakati uliopita, na miaka 10 tu ya kufananisha mwisho wa karne hii, kwa dhana moja ya ongezeko kubwa sana la gesi za joto. Ni shahidi hodari, lakini ni shahidi mmoja. Hakimu mwema hahukumu kwa shahidi mmoja. Afisa anayetaka kupanga kwa busara azisome modeli nyingi za miraba mikubwa ili ajue upana wa mashaka, kisha aisome ile ya miraba midogo ili ajue mvua kubwa na ukame huwa na sura gani. Halafu ajenge kitu kitakachostahimili yote mawili.

Historia ya visiwa vyetu imetupa funzo la jambo hili zamani, kabla ya kompyuta. Mnamo Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuiangusha mikarafuu yake mingi. Pemba, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi tu, ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Kilomita hizo 50 zilibadilisha uchumi wa dola nzima. Aprili 2019 watu wa Mtwara walitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth, nacho kikaingia nchi kavu kusini zaidi, huko Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na vyombo vya baharini kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimama. Hakuna aliyefanya kosa kwa kutahadhari. Lakini habari hizo tatu zatufundisha kwamba umbali mdogo ni jambo kubwa, na kwamba hatuna uhakika wa umbali mdogo. Mpango mwema huyakubali yote mawili kwa pamoja.

Basi ni nini kinachokosekana? Wengi watajibu kwamba ni kompyuta kubwa. Sisi tunasema kwamba kompyuta inatakiwa, lakini kitu kinachokosekana kwanza ni rahisi zaidi, nacho ni kipimamvua.

Neno "wastani" linalotumika katika utabiri lina maana yake. Ni wastani wa mvua iliyopimwa mahali kwa miaka ipatayo 30. Mahali pasipopimwa hapana wastani wake wenyewe. Hukopa wa jirani. Kijiji cha bondeni kikikopa wastani wa mjini ulioko mlimani, utabiri wa "juu ya wastani" hauna maana yoyote pale. Vilevile modeli isiyolinganishwa na vipimo haiwezi kusahihishwa. Katika nchi hii vipimamvua vingi vya kale viliwekwa kwenye misheni, kwenye maboma, mashuleni na kwenye mashamba makubwa, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mtu wa kuamka kila siku, akakitazama chombo saa 3 asubuhi, na kuandika tarakimu daftarini bila kukosa. Vingi vimevunjika au vimeachwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa imefanya kazi ya kusifiwa kwa kuchanganya vipimo vya vituo vyake na picha za setilaiti, hata ikapata ramani za mvua za nchi nzima kwa miraba ya kilomita 4 hivi. Serikali pia imepanga kuwa na rada 7 za hali ya hewa, mojawapo ikiwa ya Mbeya. Hata hivyo setilaiti huyaona mawingu tu na rada huyaona matone yakiwa angani. Kipimamvua ndicho kinachosema ni kiasi gani kimefika ardhini.

Mahali kama Mbozi Mission, penye hospitali na watu waliozoea kuandika kumbukumbu, ndipo panapofaa kuwa na kituo kinachotunzwa. Hali kadhalika kila skuli ya Unguja na Pemba iliyo na mwalimu wa jiografia. Chombo chenyewe si ghali, na mwanafunzi aliyekipima kwa miaka minne ataielewa tabianchi kuliko aliyekariri maana yake. Lakini tarakimu hizo zipelekwe kwa Mamlaka, na Mamlaka izirudishe kijijini zikiwa zimesomwa. Daftari lililofungiwa kabatini halimsaidii mtu.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa dawa na madawati haipaswi kuzungumza juu ya miraba ya kompyuta. Tunaiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa fedha ni chache na Mwalimu Nyerere alikwisha kutukumbusha mwaka 1969 kwamba kupanga maana yake ni kuchagua. Lakini anayechagua bila kuona hachagui, bali anabahatisha. Katika miaka ya 1974 hadi 1976 vijiji vingi vilihamishwa kwa mipango iliyochorwa mbali, na baadhi yake vikajikuta mbali na maji au juu ya udongo usiofaa. Nia ilikuwa njema, ila ramani ilikuwa kubwa kuliko nchi iliyokusudiwa. Leo tunajenga mabwawa, barabara na mitaro kwa mikopo tutakayoilipa kwa miaka mingi. Kulijenga daraja kwa mvua za mwaka 1980, kisha kulijenga tena, ndiyo anasa isiyoweza kuvumilika.

Na Visiwani tusijidanganye kwamba mvua za nyanda za kusini hazituhusu. Mahindi na mazao mengine ya bara huvuka bahari yakafika masokoni kwetu, na mikoa hii ya kusini ni miongoni mwa maghala ya taifa. Umeme unaowaka Unguja huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliozinduliwa mwaka 2013, na wa Pemba huja kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Sehemu ya umeme huo hutokana na maji ya Mtera, Kidatu na bwawa la Nyerere lililopo Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Na sehemu kubwa ya maji hayo huanguka kama mvua kwenye nyanda za juu hizo hizo za kusini, upande wa Usangu na Kilombero. Taa ya Darajani na mvua ya bara ni ndugu.

Kwa hiyo tunatoa shauri letu kwa wahusika, nalo ni la mambo manne.

Kwanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa imekwisha kuanza kuteremsha utabiri wa msimu hadi ngazi ya wilaya. Tunaipongeza, na tunaitaka isiishie hapo. Wilaya ya Momba ina uwanda na ina bonde. Wilaya ya Micheweni ina mashamba ya ndani na ina pwani inayovamiwa na maji ya chumvi. Utabiri ufuate sura ya nchi na si mipaka ya utawala peke yake. Na pamoja na jumla ya mvua, useme juu ya kuanza, kukatika na ukubwa wa mvua za siku moja.

Pili, makadirio ya tabianchi yaliyokwisha kufanywa kwa miraba midogo yasibaki katika vyuo vya ng'ambo. Serikali zetu mbili ziombe takwimu zake, ziwasomeshe vijana wetu kuzitumia, na modeli ziendeshwe hapa nchini kadiri uwezo unavyoruhusu. Mgeni aweza kuichora mvua ya Mbozi, lakini mwenyeji ndiye atakayejua pale ilipochorwa vibaya.

Tatu, kila Halmashauri iandikapo mpango wake wa maendeleo ieleze kwa maneno wazi ni mvua ya aina gani imeitumia kupima ukubwa wa daraja, bwawa au mtaro, na ni ya kipindi gani. Diwani na sheha wapewe haki ya kuuliza swali hilo. Ikiwa mhandisi hana jibu, mradi usubiri hadi alipate.

Nne, mashaka yasifichwe. Mwananchi wa Tanzania si mtoto. Akiambiwa kwamba katika misimu 10 kama huu 6 huwa ya mvua nyingi, anaelewa, kwa sababu naye amelima maisha yake yote kwa kubahatisha na mbingu. Atagawa shamba lake, atapanda mbegu ya muda mfupi upande mmoja na ya muda mrefu upande wa pili. Akiambiwa kwa uhakika jambo ambalo halikutokea, mwaka ujao hatasikiliza, na hapo ndipo hata onyo la kweli la kimbunga litakapopita masikioni bila kuingia.

Dalili ya mvua ni mawingu, na wazee wetu waliyasoma mawingu ya mahali pao bila kutegemea ya mkoa wa jirani. Elimu mpya imeanza kuwafikia walipokuwa: kwenye kilima kimoja, kwenye kisiwa kimoja. Serikali zetu ziitumie kwa macho makavu, zikijua nguvu yake na zikijua upungufu wake, na kazi hiyo ianze kwa kipimamvua kimoja kinachosomwa kila asubuhi.